Kupima Dondoo za Majani ya Dawa: Kutoka Mtini Kitaya hadi Maabara

1. Dondoo ni nini

Dondoo ya majani ni mchanganyiko wa kemikali zilizotolewa kwenye jani kwa kiyeyusho, kama maji au ethanoli. Maji ya majani ya mpera yaliyochemshwa kwa ajili ya tumbo la kuhara tayari ni dondoo. Ndani yake kuna tanini, flavonoidi na kemikali nyingine nyingi, kila moja kwa kiasi chake. Upimaji hutafuta majibu matatu kwa zamu: dondoo inafanya kazi gani, kwa kiasi gani, na inadhuru kuanzia kiasi gani. Katika kijiji cha Kitaya, kando ya mto Ruvuma mkoani Mtwara, usahihi wa majibu hayo huanza kuamuliwa siku ya kuchuma.

2. Kuchuma

Mkorosho unaonyesha sababu. Mkoani Mtwara mikorosho hupulizwa salfa inapotoa maua, kati ya Juni na Septemba, ili kuzuia ubwiri unga, ambao ni ugonjwa wa kuvu. Jani lililochumwa shambani baada ya kupuliza hubeba salfa. Dondoo yake ikizuia kuvu maabara, haijulikani kama sifa ni ya mkorosho au ya salfa. Sampuli inayofaa hutoka kwenye mti usiopulizwa.

Mchu, mkoko wa maingilio ya mto, una tatizo lake. Majani yake hutoa chumvi ya ziada, nayo huganda juu ya jani. Yasipooshwa, chumvi huongeza uzito wa dondoo, na kipimo cha nguvu hutoka pungufu. Mikoko pia ni misitu iliyohifadhiwa, na tangu mwaka 2000 sehemu ya ukanda huu imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kuchuma huko kunahitaji kibali.

Kila sampuli huandikiwa mahali, tarehe, umri wa jani na jina la kienyeji. Tawi moja hukaushwa na kupelekwa hebaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu, likathibitishwe jina la kisayansi, kwa kuwa jina moja la Kimakonde au la Kiswahili huweza kutumika kwa mimea miwili.

3. Kukausha na kutoa dondoo

Majani huanikwa kivulini, husagwa, kisha unga hulowekwa kwenye kiyeyusho kwa siku moja hadi tatu. Maji yake huchujwa na kiyeyusho huvukizwa kwa moto mdogo.

Joto si jambo dogo. Nchini China, Tu Youyou alitafuta dawa ya malaria katika mmea wa Artemisia annua. Dondoo zilizotolewa kwa joto kali hazikuwa za kutegemewa. Alipotumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, matokeo yalibadilika. Kazi hiyo ya miaka ya 1970 ilizaa artemisinini na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hiyo dawa ya mganga hupimwa kwanza kama anavyoiandaa mwenyewe, ndipo viyeyusho vingine vijaribiwe.

4. Kupima nguvu

Kipimo cha awali hufanyika kwenye kisahani chenye agari, jeli ya kukuzia vijidudu, iliyopandwa bakteria. Karatasi ndogo ya duara iliyoloweshwa dondoo huwekwa juu, na kesho yake hupimwa upana wa eneo lisiloota kitu. Pembeni huwekwa karatasi mbili za kulinganishia: yenye antibiotiki inayojulikana na yenye kiyeyusho kitupu. Bila hiyo ya pili, kiyeyusho chenyewe huweza kusifiwa kwa kazi isiyo ya jani.

Kinachofuata ni kutafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua. Hesabu inaonyesha uzito wake. Kiwango kikiwa miligramu 1 kwa mililita, mtu mwenye lita 5 za damu angehitaji gramu 5 za dondoo ndani ya damu kwa wakati mmoja. Ikiwa unga wa majani hutoa asilimia 10 ya dondoo, hizo ni gramu 50 za majani makavu, tena zifyonzwe zote. Kiwango cha miligramu 0.1 kingehitaji gramu 5 tu za majani. Dawa ya kupaka kwenye ngozi haifungwi na hesabu hiyo.

5. Kupima usalama

Kipimo cha bei nafuu, kinachotumika tangu 1982, hutumia viluwiluwi vya kamba wadogo aina ya Artemia salina. Huwekwa kwenye maji ya chumvi yenye dondoo, na baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa. Dondoo inayoua nusu yao chini ya mikrogramu 1,000 kwa mililita huhesabiwa kuwa na sumu. Viumbe hawa huishi katika chumvi, hivyo chumvi ya mchu haiwezi kugunduliwa kwao. Kuosha majani ndiyo kinga. Baada ya hapo huja seli, wanyama, na mwisho binadamu kwa idhini ya kamati ya maadili.

6. Taasisi na sheria

Nchini Tanzania kazi hii ina mizizi Muhimbili, kilikoanzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974. Mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao.

Ripoti kamili hutaja mti, mwezi, kiyeyusho, kiwango na vilinganishi. Ikikosa kimoja, mtafiti mwingine hawezi kurudia jaribio, na jani hubaki na sifa bila ushahidi.