Mtani Aliyevaa Gwanda: Katuni za Askari na Kumbukumbu ya Vita vya Kagera



Naanzia msibani. Mtani akifika mazishini hufanya mambo ambayo mwingine angefukuzwa nayo. Atamwiga marehemu alivyokuwa akitembea. Atalala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Ila huyo mtani ndiye aliyeshika jembe kulichimba kaburi lile, na utani wake anaudai kwa jasho hilo. Mpita njia akithubutu kusema nusu ya maneno yake, atapigwa.

Kwa kipimo hicho ninazitazama katuni walizochora askari wenyewe. Bruce Bairnsfather, ofisa Mwingereza aliyepigana Ubelgiji katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915 alichora askari wawili wamejibanza kwenye shimo lililochimbwa na kombora, makombora mengine yakiwapasukia kila upande. Mmoja amelalamika, mwenzake anamjibu kwamba kama analijua shimo zuri kuliko hilo, aende.

Katika Vita Kuu ya Pili, Sajini Bill Mauldin wa Marekani aliwachora Willie na Joe, askari wake wa kubuni: hawajanyoa, wamelowa, macho yamewaingia ndani kwa uchovu. Mwaka 1945 Jenerali Patton alimwita akamgombeza, akitaka wawe nadhifu. Mauldin hakuwaogesha, na mwaka huohuo akapata tuzo ya Pulitzer. Naamini Patton aliona utovu wa nidhamu pale ambapo askari wa kawaida alijiona mwenyewe, akafarijika kwamba kuna mtu anajua alikolala jana. Mjapani Mizuki Shigeru, aliyepoteza mkono wa kushoto katika vita hivyohivyo huko Rabaul, alichelewa hadi mwaka 1973 kutoa kitabu chake cha katuni kuhusu kikosi kilichoamriwa kufa chote. Nyuso ni za kuchekesha, njaa na vibao vya maofisa ni vya kweli. Mimi kitabu kile hunishinda kukisoma kwa mkupuo mmoja.

Nasi tuna vita vyetu. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Mgambo waliitwa kutoka mikoa yote, watu wa jembe na wa ng'ombe, wakaungana na JWTZ. Sehemu kubwa ya safari ya kwenda Kampala, mji ulioanguka tarehe 11 Aprili 1979, ilikuwa ya miguu. Hata roketi za BM-21 zilipewa jina la utani, Saba Saba.

Kuchora tulikuwa tunajua. Christian Gregory alikwisha kuwazoesha wasomaji wa gazeti la Uhuru kumcheka Chakubanga, mhusika wake wa katuni. Tumehifadhi hotuba ya Mwalimu Nyerere ya vita hivyo, tumehifadhi makaburi ya askari huko Kaboya, na kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mashada. Hivyo vyote ni vya heshima, nami navipenda. Lakini askari wa kwenye hotuba hana malengelenge, na buti lake halijawahi kubaki kwenye tope mguu ukatoka peke yake. Mambo hayo wazee waliopigana huyasimulia jioni, wakiwa wenyewe kwa wenyewe, na mjukuu akisogea wananyamaza.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule alizaliwa mwaka 1958. Hesabuni wenyewe.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaochora pembezoni mwa madaftari, nawaomba mkae na babu zenu kabla ya msimu ujao wa pamba. Msiwaulize waliua wangapi. Waulizeni walikula nini, nani alikoroma handakini, ni amri gani hakuna aliyeielewa, mvua ilipowanyeshea usiku kucha walijifunika nini. Choreni mbele yao, na wakisema pua sivyo ilivyokuwa, futeni. Babu akiichukua kalamu mkononi mwako aikamilishe picha mwenyewe, mwachie.