Nuru ya Jua na Maji Yatokayo Mashambani



Tumeombwa kusema habari za maji, nasi tumechagua yale ambayo mkulima huyapa kisogo: maji yatokayo shambani baada ya kumwagilia mpunga.

Mto Bubu huingia katika kinamasi cha Bahi, wala maji yake hayafiki baharini. Jua huyanyonya, chumvi hubaki. Wazee wetu waliijua habari hiyo, kwani chumvi walikuwa wakiikusanya huko. Lakini si kila kibakicho ni cha kutia mbogani. Huko California, Marekani, maji ya mifereji ya mashamba yalielekezwa katika mabwawa ya Kesterson. Mwaka 1983 wataalamu wakakuta makinda ya ndege wa majini yameumbika vibaya, mengine hayana macho. Sababu ilikuwa seleniamu, iliyooshwa kutoka katika udongo wenyewe. Mtu na ng'ombe huihitaji kidogo mno. Ikizidi ni sumu. Shirika la Afya Duniani lapendekeza isizidi mikrogramu 40 katika lita ya maji ya kunywa.

Seleniamu iliyoyeyuka haichujwi kwa kitambaa, wala kuchemsha hakuiondoi. Njia mojawapo iliyojaribiwa katika maabara ni nuru. Majini hutiwa unga wa oksaidi ya titaniamu, ule utiao weupe katika rangi za nyumba, pamoja na asidi ya fomiki. Mionzi ya urujuanimno ikiupiga, nguvu ya umeme huamka ndani ya chembe zake na kuigeuza seleniamu kuwa punje ngumu, ziwezazo kuchujwa. Unga wenyewe haupungui kwa kazi hiyo. Ndiyo maana huitwa kichocheo. Nasi jua kwetu si haba! Walakini, mionzi hiyo ni sehemu ndogo tu ya nuru ya jua. Na kazi ikipitiliza, hutoka gesi yenye sumu kali.

Baadhi yenu mmetuuliza kama Chama kichange fedha za mtambo wa namna hiyo. Twajibu: si sasa. Hatusemi kwamba Bahi ina seleniamu. Twasema haifai kununua dawa ya ugonjwa usiopimwa. Ichukuliwe chupa moja ya maji yaingiayo shambani na moja ya yatokayo, wakati wa kiangazi, zipelekwe maabara. Yapimwe pia floraidi na nitreti, ambazo zimekwisha kuonekana katika visima vya Kanda hii ya Kati, na ambazo chujio la seleniamu halitazigusa.

Gharama ya vipimo hivyo tumeiandika katika makadirio yaliyo mikononi mwenu, nasi twaomba mkutano uipitishe leo.