Tunamvua Shati kwa Ukoma, kwa TB Tunauliza Kikohozi: Dalili za Kifua Kikuu kwenye Ngozi ya Mtoto Mdogo, Masasi na Newala



Tangu 1977 nchi yetu imeviweka kifua kikuu na ukoma chini ya mpango mmoja. Mratibu wa wilaya anayefuatilia dawa za TB ndiye anayetafuta mabaka ya ukoma, na huku kwetu, jirani na makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Mwena na hospitali ya Ndanda, kukagua ngozi si kazi ngeni. Tatizo ni kwamba mtoto akishukiwa ukoma tunamvua shati. Akishukiwa TB tunauliza kikohozi, na mtoto wa miaka 3 kohozi lake hulimeza.

TB ya ngozi ni nadra: hukadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2 tu ya TB ya nje ya mapafu. Lakini huonekana kwa macho, bila mashine.

Inayostahili muda wetu zaidi ni ile inayotoka kwenye tezi. Tezi za shingo huvimba taratibu, hazina joto wala maumivu makali, hushikamana, kisha ngozi juu yake hugeuka zambarau, hupasuka na kutoa usaha mwepesi. Kingo za kidonda huwa zimechimbika kwa chini, na kikipona huacha kovu lililojikunja. Mara nyingi mtoto hutufikia akiwa tayari na chale juu ya uvimbe, au amemaliza dozi mbili za amoksilini. Tafadhali, jipu la namna hii tusilipasue, maana tundu lake hukataa kufunga. Tuvute usaha kwa sindano, tupeleke GeneXpert, na jibu hasi lisitufunge mikono iwapo dalili zote zipo. Matibabu ni miezi 4 hadi 6, kulingana na ukali wa ugonjwa.

Zipo dalili nyingine ambazo ni mwitikio wa mwili tu kwa TB iliyojificha: vipele vidogo vya makundi kifuani na mgongoni visivyowasha, uvimbe mwekundu wenye maumivu kwenye miundi, au vijipu vya viwiko na magoti vinavyokauka katikati na kuacha makovu.

Huku kwetu lawama ya vidonda vya ngozi hubebwa na korosho. Ni kweli, mafuta ya ganda huunguza, na salfa inayopuliziwa mikorosho msimu wa ubwiri unga huwasha ngozi na macho. Ila jeraha la korosho huja ghafla na lina siku yake, mama huikumbuka. Kidonda kisicho na siku ya kuanza, kilichokaa miezi, kitiliwe shaka.

Kidonda kidogo cha BCG begani ni cha kawaida. Tezi kubwa kwapani upande uleule mara nyingi nayo hutokana na chanjo, lakini mtoto apimwe VVU.

Mwisho, mtoto mdogo mara nyingi ameambukizwa na mtu mzima anayeishi naye. Kabla mama hajaondoka na dawa, aulizwe nani nyumbani anakohoa, na huyo aitwe wiki hiyohiyo.