Saksafoni na Piano: Muziki Uliozaliwa Darasani



Mwaka 1857 chuo kikuu cha muziki cha Ufaransa, Conservatoire ya Paris, kilimkabidhi Adolphe Sax darasa la kufundisha ala aliyoibuni mwenyewe. Wanafunzi wake walikuwa askari wa bendi za jeshi. Darasa lilihitaji mitihani, na mitihani ilihitaji vipande vya kupigwa mbele ya waamuzi. Sax akamwendea rafiki yake wa ujana, mpiga fidla Mbelgiji Jean-Baptiste Singelée, na Singelée akaanza kutunga kipande baada ya kipande kwa saksafoni na piano. Sax alivichapisha mwenyewe.

Mhadhara huu unasimama juu ya hoja moja. Muziki wa klasiki wa saksafoni na piano, unaojaza leo programu za resitali kutoka Paris hadi Tokyo, uliletwa na walimu waliohitaji vipande vya kufundishia na wapigaji walioomba watungiwe. Walipokuwepo, muziki uliongezeka. Walipokosekana, ulikauka.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki na Kongo aliizoea ala hii kwenye ukumbi wa dansi. Saksafoni ya Verckys Kiamuanga Mateta, aliyejiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1963 kabla ya kuanzisha Orchestre Vévé, iliingia majumbani kwa santuri na redio. Huko saksafoni hujibizana na magita na kuchangamsha wachezaji. Kwenye resitali kazi yake ni nyingine kabisa: watu wawili jukwaani, hakuna ngoma, hakuna kipaza sauti, na kila pumzi inasikika mpaka kiti cha mwisho.

Sax alizaliwa mwaka 1814 Dinant, Ubelgiji, mtoto wa fundi wa ala za muziki. Alihamia Paris mwaka 1842, na hataza ya saksafoni akaipata tarehe 28 Juni 1846. Ala yake ilikuwa na mwili wa shaba kama tarumbeta, lakini ilipulizwa kwa tete moja kama klarineti. Bomba lake hupanuka kuanzia mdomoni hadi chini, na umbo hilo ndilo linaloifanya saksafoni iruke oktava nzima mpulizaji anapopanda ngazi ya pili ya sauti, wakati klarineti huruka noti kumi na mbili. Mpangilio wa vidole vyake kwa hiyo ni mwepesi kujifunza. Jeshi la Ufaransa liliipenda, hasa baada ya shindano la hadhara la bendi kwenye uwanja wa Champ-de-Mars tarehe 22 Aprili 1845, ambapo bendi yenye ala za Sax iliibwaga bendi ya mtindo wa zamani. Washindani wake hawakumsamehe. Walimburuta mahakamani kwa miaka mingi, na alifilisika zaidi ya mara moja kabla ya kufa mwaka 1894.

Kwa nini piano? Sababu ya kwanza ni ya kawaida tu: chuo hakiwezi kukodi okestra kwa ajili ya kila mtahiniwa. Lakini ndoa hii ya lazima ilizaa matunda, kwa kuwa kila ala ina kile ambacho mwenzake hana. Sauti ya piano huanza kufifia mara tu kidole kinapogusa kibao. Saksafoni inaweza kuanza kwa mnong'ono na kuikuza noti ileile mpaka ijaze ukumbi. Piano nayo ina sauti nyingi kwa mpigo mmoja, na saksafoni ina moja. Mtunzi hodari huipa saksafoni uzi mrefu wa wimbo na kuiachia piano mapigo, nguzo za sauti na majibu.

Ubia huo una mitego yake. Mpiga piano akitoa A ili wenzi waoane sauti, mpulizaji wa saksafoni alto huiona kwenye nota zake kama F kali, maana ala yake huandikwa kwa ufunguo mwingine. Saksafoni ikishapata joto la pumzi, sauti yake hupanda kidogo, na piano haiwezi kuifuata; anayesogea ni mpulizaji, kwa midomo na kwa sikio. Noti za chini kabisa za saksafoni hutaka kulipuka hata pale mtunzi alipoagiza ulaini, na humo ndimo waamuzi hutega sikio. Mpiga piano kwa upande wake hulazimika kujifunza kuvuta pumzi pamoja na mwenzake, ingawa ala yake haihitaji pumzi hata kidogo.

Mwaka 1870 vita kati ya Ufaransa na Prussia vililifunga darasa la Sax. Halikufunguliwa tena mpaka 1942. Katika pengo hilo la miaka 72 saksafoni iliendelea kuishi kwenye bendi za jeshi, na mtunzi Bizet aliipa nafasi mwaka 1872 katika muziki wake wa L'Arlésienne. Ila watunzi wakubwa walikuwa na sababu ndogo sana ya kuitungia vipande vya ukumbini. Nani angevipiga?

Mmoja aliyejibu swali hilo alikuwa mwanamke. Elise Hall wa Boston, Marekani, mpulizaji asiye wa kulipwa lakini mwenye mali na msimamo, aliwaagiza watunzi wa Ufaransa wamtungie, akiwemo Claude Debussy. Debussy alisuasua kwa miaka. Aliacha kazi hiyo bila kuikamilishia okestra, mtunzi mwenzake Roger-Ducasse akaimalizia, na ilisikika hadharani Paris mwaka 1919, mwaka mmoja baada ya Debussy kufariki. Leo kazi hiyo, Rapsodie, hupigwa mara nyingi kwa saksafoni na piano. Bila mwanamke huyo, jina la Debussy lisingekuwemo kabisa kwenye hazina ya ala hii.

Mpulizaji saksafoni Mjerumani Sigurd Raschèr alikuwa na ung'ang'anizi wa namna hiyohiyo. Aliondoka Ujerumani mwaka 1933, akafundisha Copenhagen na Malmö, huku akimfuata mtunzi Alexander Glazunov, Mrusi mzee aliyekuwa akiishi Paris, amtungie konseto. Glazunov aliitunga mwaka 1934, na wapigaji wengi wameijua kwanza kupitia toleo lake la piano. Mwaka uliofuata mtunzi Jacques Ibert alimtungia Raschèr Concertino da camera.

Kama taasisi zinaweza kujenga, zinaweza pia kubomoa. Mwaka 1930 mtunzi Myahudi kutoka Prague, Erwin Schulhoff, aliandika Hot-Sonate kwa saksafoni alto na piano, kazi iliyotia harufu ya jazi ndani ya umbo la sonata. Miaka minane baadaye utawala wa Kinazi ulifungua mjini Düsseldorf maonyesho ya kuukashifu muziki uliouita uliooza. Bango lake lilimchora kwa dharau mtu mweusi akipuliza saksafoni, kifuani amebandikwa nyota ya Daudi. Chuki mbili ziliwekwa kwenye mchoro mmoja, na saksafoni ikafanywa alama yake. Schulhoff alifia katika kambi ya wafungwa ya Wülzburg mwaka 1942.

Mwaka huohuo, Paris ikiwa chini ya Wajerumani haohao, Conservatoire ilifungua upya darasa la saksafoni na kumpa Marcel Mule, mpulizaji aliyepikwa katika bendi ya Garde Républicaine. Alifundisha hadi 1968. Matokeo yake yanaonekana kwenye rafu za nota: Prélude, cadence et finale ya Alfred Desenclos, iliyotungwa mwaka 1956 kwa ajili ya mtihani wa Conservatoire, leo ni kazi ya heshima katika resitali duniani kote. Paule Maurice alimtunukia Mule Tableaux de Provence, picha tano za kusini mwa Ufaransa, na ya mwisho kati yake ni mdudu avumaye kwa kasi inayowatoa jasho hata wapigaji waliobobea.

Marekani kulikuwa na ubia wa karibu zaidi. Paul Creston, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia mjini New York na mpiga kinanda wa kanisa, alikuwa akimsindikiza kwa piano mpulizaji Cecil Leeson katika ziara zao. Mwaka 1939 alimtungia sonata. Aliyeandika sehemu ya piano alikuwa mtu aliyekaa kwenye kiti hicho, na inasikika: piano haikuwekwa nyuma kama msindikizaji, ina kazi nzito sawa na saksafoni. Sehemu ya pili ya sonata hii huenda polepole kwa mapigo matano. Piano hutangulia peke yake kwa sauti pana na tulivu, kisha saksafoni huingia na wimbo unaopanda taratibu. Pigo lile la tano humnyima msikilizaji mahali pa kutua, hivyo wimbo husogea mbele bila kuharakishwa.

Jean-Marie Londeix, mwanafunzi wa Mule, aliuchukua mwendo huo wa kuwaomba watunzi kazi na kuuvusha mpaka Urusi ya Kisovyeti. Alimwomba mtunzi Edison Denisov kazi, na Sonata ya Denisov ikapigwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1970, kwenye Kongamano la Dunia la Saksafoni. Humo mna sauti zilizogawanywa chini ya nusu toni, na noti kadhaa zinazotolewa kwa pamoja kwenye ala iliyoundwa kutoa moja. Sehemu yake ya tatu hucheza na jazi.

Historia hii inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Wapulizaji wapo: kwenye bendi za polisi na jeshi, makanisani, kwenye bendi za dansi na shuleni. Kenya ina tamasha la taifa la muziki la shule na vyuo, lenye mashindano ya ala na vipande vya lazima. Mitihani ya muziki kutoka London hufanyika Nairobi, na mtahiniwa wa saksafoni huko husindikizwa na piano. Mtambo wa darasa na mtihani, uleule uliomlisha Singelée, tayari unazunguka katika ukanda huu. Ila sehemu kubwa ya kinachopitishwa ndani yake imetungwa kwingine.

Idara za muziki za vyuo vyetu na waandaaji wa mashindano waanze na jambo lililo ndani ya uwezo wao: kila mwaka waagize kipande kimoja kwa saksafoni alto na piano kutoka kwa mtunzi wa hapa, wamlipe, wakichapishe, na wakifanye cha lazima kwenye mtihani. Walimu wa piano wawafundishe wanafunzi wao kusindikiza na si kupiga peke yao tu. Na kijana anayepuliza saksafoni asingoje mwaliko. Amtafute mtunzi mwaka huu, amwombe sonata, na asimwachie mpaka aipate.