Springi za Nyuma Kwanza, Rangi Baadaye

(Maelezo ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka)



Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana na wageni waalikwa,

Tunaomba dakika chache tuwaeleze kwa nini, katika makisio ya gari letu la wagonjwa, fungu la springi za nyuma limepita fungu la bodi na rangi.

Gari tunalotengeneza ni Land Cruiser hadtopu iliyotumika. Mvua za Desemba hadi Aprili zikishachimba makorongo, njia za pembezoni mwa Miyuji hazina huruma, na anayelala nyuma ni mama mwenye uchungu au mzee aliyevunjika nyonga.

Sisi wa mahesabu tunaijua mizania, na gari nalo lina yake. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni karibu mita 3. Ukiweka kilo 150 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inaongezewa kilo 200, na ya mbele inapunguziwa kilo 50. Hapo usukani unakuwa mwepesi na magurudumu ya mbele hayashiki vizuri unapofunga breki. Ndiyo maana kitanda na mtungi wa oksijeni vitasogezwa mbele kadiri nafasi inavyoruhusu.

Wapo walioshauri tuongeze tu vyuma vya springi. Springi ngumu hubeba mzigo, lakini gari likiwa na mgonjwa mmoja litamrusha. Wengine wamesema tuliinue kwa vipande vya chuma juu ya ekseli. Hapo uzito unapanda, gari linapinduka kwa urahisi zaidi, na propela inakaa kwa pembe mbaya.

Tunapendekeza springi ndefu na laini, zenye chuma cha akiba kinachoanza kubeba pale mzigo unapozidi, pamoja na shokapu mpya. Fundi atalipwa kwa awamu 3. Ya mwisho ataipata baada ya kupakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa watu 6, kupima kimo pande zote mbili, kupita korongoni, kisha kupima tena.

Ndugu zetu mlio nyumbani, na mlio Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo: fedha zikipungua, gari litoke bila rangi wala maandishi, lakini springi zisiguswe. Fomu za ahadi zinapita sasa. Tunaomba kila mmoja aandike kiasi anachoweza kukitimiza.