Pilipili ya Uani
Maneno ya kamati ya biashara katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi



Tumepewa dakika chache tuzungumze juu ya pilipili mbuzi. Tunawasikia mnaocheka huko nyuma. Chekeni tu, lakini nusu ya pilau mtakayokula leo imetokana na pilipili hiyo.

Wahenga walisema, pilipili iliyo shamba yakuwashia nini? Methali hii imetugombanisha sana katika kikundi, na tutaeleza kwa nini.

Tulipoanza mwaka 2015 tulikuwa akina mama 15 na sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu. Funguo walishika watu watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Wengi wetu tuliishi kwa Soko la Kariakoo: huyu anauza viungo, yule nazi, mwingine mama lishe. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Mwenzetu mmoja meza yake iliteketea na mali yote, na alikuwa na mkopo wetu wa shilingi 600,000.

Jamani, tuseme ukweli, maana leo ni siku ya kukumbuka yote. Katika kikao kilichofuata wako waliosema deni lake ni lake, na hisa zake zikatwe. Ndipo methali ile ilipotajwa: pilipili ya shamba yatuwashia nini? Mwenzetu mwenyewe kwa aibu hakuja vikao vitatu. Mwanachama mwingine aliona tunalea wadeni, akachukua hisa zake akaondoka. Hatumlaumu. Fedha ilikuwa ya jasho lake.

Wiki ya nne tukaenda watano nyumbani kwake. Uani, kando ya bomba, tukakuta ndoo tatu za rangi zimeotesha pilipili mbuzi, zimezaa mpaka matawi yameinama. Alikuwa anawagawia majirani bure. Tukamwambia, "Dada, hii ndiyo meza yako." Basi ndivyo ilivyoanza biashara ya chupa. Yeye alitufundisha kupanda, nasi tukanunua chupa na siki. Deni lile lilikwisha kwa miezi 14.

Sasa tueleze kazi yenyewe, ili kila mwenye kijitabu hiki aweze kuifanya kwake.

Pilipili mbuzi siyo pilipili kichaa. Kichaa ni nyembamba, ukali wake unachoma na kupita. Mbuzi ni nene, imekunjamana, na ukiikata inatoa harufu ya tunda, inayokaribiana na ndimu. Harufu hiyo ndiyo tunayoiuza. Wataalamu huiita Capsicum chinense, yaani ya Kichina, na hilo ni kosa la mtaalamu aliyeipa jina mwaka 1776. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Pilipili zote za namna hii zilitoka mabara ya Amerika, zikafika pwani yetu baada ya Wareno kuanza safari zao. Hata leo watu wa Peru hukamulia samaki mbichi ndimu na kumtia pilipili ya jamaa hiyohiyo. Kwa hiyo ndimu na pilipili ni marafiki wa siku nyingi.

Kupanda. Chagua tunda lililoiva kabisa katika mche uliozaa vizuri. Toa mbegu, anika kivulini siku chache. Zifukie kidogo tu, kama sentimita moja, udongo uwe na unyevu. Usikate tamaa mapema! Mbegu hizi ni nzito, huchukua wiki mbili hadi nne kuota. Wengine wetu walimwaga udongo siku ya kumi, kumbe mbegu ilikuwa njiani. Mche ukiwa na majani sita uhamishie kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, yenye udongo, mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Samadi ikizidi, mche unanenepa majani bila kuzaa.

Pilipili inataka jua la kutosha, ila jua la mchana la Januari na Februari likiwa kali mno maua hupukutika. Tunaivuta ndoo ipate kivuli saa za mchana. Mwagilia udongo ukikauka juu, usiuache ututume maji. Vidukari hukaa chini ya majani, kwa hiyo geuza majani uangalie. Twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Baada ya miezi mitatu au minne tangu kuhamisha utaanza kuchuma, na mche ukitunzwa huzaa zaidi ya mwaka mmoja.

Kupika. Kwa mchuzi wa samaki wa nazi, tumbukiza pilipili nzima na kikonyo chake nazi inapokaribia kuiva. Usikoroge kwa nguvu isije ikapasuka. Mchuzi utapata harufu, na watoto watakula bila kulia. Anayetaka ukali ataiminya sahanini mwake. Ukali haumo katika mbegu kama tunavyodhani. Umo zaidi katika ule utando mweupe unaoshika mbegu. Ukitaka harufu zaidi ya moto, kwangua utando huo. Ikikuwasha mdomoni maji hayasaidii, kunywa maziwa. Ikiwasha mikono, jipake mafuta ya kupikia kwanza, ndipo unawe kwa sabuni. Na mama mwenye mtoto mchanga avae glavu.

Ya chupa tunaipika hivi: pilipili mbuzi 20, karoti mbili, embe bichi moja, kitunguu kimoja, vitunguu saumu punje sita, chumvi, kikombe cha siki na kikombe cha maji ya ndimu. Chemsha mpaka vilainike, saga, rudisha jikoni uchemshe tena dakika kumi ukikoroga. Fungua madirisha, moshi wake unakohoza nyumba nzima. Jaza ikiwa ya moto katika chupa za kioo zilizochemshwa. Ikipoa, iweke kwenye friji.

Haya tumeyalipia. Mara ya kwanza tulikuwa na haraka ya sikukuu. Tukapunguza siki, hatukuchemsha mara ya pili. Chupa zikavimba, nyingine zikaruka vifuniko kabatini kwa wateja. Tulirudisha fedha zote, na hasara ikabebwa na kikundi kizima, si na yule aliyekuwa zamu. Tena jambo moja la hatari: msiweke pilipili mbichi na vitunguu saumu ndani ya mafuta mkaacha chupa kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kuna vijidudu vinavyopenda hivyo. Sumu yao huua, nayo haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunamalizia. Nyua zetu zinakwisha. Nyumba za Kiswahili zinavunjwa, maghorofa yanapanda, na nyumba ya mwenzetu huyo nayo imeshauzwa. Ndoo zake sasa ziko juu ya paa la mwanachama mwingine, anapanda ngazi kuzimwagilia. Mwakani huenda ikawa zamu ya mwingine wetu.

Ndiyo maana, akina mama, tunawaomba jambo moja. Alasiri hii tutapiga kura kuhusu mfuko wa jamii. Wapo wanaotaka tuugawane wote, kila mtu afurahie miaka kumi. Tunawaelewa, ada za shule zinakuja. Lakini tunaomba nusu ibaki sandukuni. Mwaka 2021 hatukuwa na mfuko wa maana, ndiyo maana tulizozana juu ya mtu badala ya kumsaidia. Tusirudi kule.

Pilipili ya shamba haituwashi, ni kweli. Ila hii yetu iko uani, na jikoni ni mamoja.

Chupa ziko pale mezani karibu na mlango, na leo hatukopeshi.