Chora Nyumba Kabla ya Kununua Saruji
Hotuba fupi kwa wakazi wa Nuu



Ukuta uliochorwa kwenye kompyuta husogezwa bila gharama. Uliokwisha kujengwa husogezwa kwa nyundo na pesa.

Programu ya Sweet Home 3D ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Anayeanza apime kiwanja kwanza na kuandika vipimo kwa mita. Kisha achore kuta, aweke milango na madirisha, halafu vitanda na meza kwa vipimo halisi. Hapo ataona mapema kama mlango utagonga kitanda.

Asisahau maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa linalofunika mita 8 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 10, laweza kukinga hadi lita 800. Basi nafasi ya tangi ichorwe mapema.

Mchoro huo si kibali. Sheria ya mwaka 2019 ya upangaji na matumizi ya ardhi inadai idhini ya kaunti kabla ya kujenga. Lakini mwenye mchoro humweleza msanifu na fundi anachotaka, wakaelewana.